Sugu za Nyumba ya Fundi Viatu

Juni 11
Idi imepita na harusi zimeanza. Leo wakati wa chakula mume wangu Lamjed amenitolea jozi ya viatu vya msimu. Nyeupe, ngozi laini ya mbuzi, ncha nyembamba kama mdomo wa ndege, kisigino kirefu. Akaiweka mezani kando ya bakuli langu la dengu, kama mtu anayeleta zawadi.

"Utaisimamia wewe," akasema.

Maana yake ni kwamba kuanzia kesho hadi Septemba nitasimama dukani nikiwa nimeivaa. Mabibi harusi wa mji huu wa Sfaksi hawanunui kiatu kilichokaa rafuni, hununua kiatu kilichomo mguuni mwa mtu. Nikamwambia naona vitabana. Akasema ngozi hujinyoosha. Nikamwambia ya mwaka jana haikujinyoosha.

"Basi mguu hujifunza," akasema, akavuta mkate.

Juni 12
Nimesimama.

Juni 15
Nimeanza kuandika kwa sababu nikisema naambiwa nalalamika. Basi nitalalamikia karatasi.

Kidole kidogo cha mguu wangu wa kulia kina sugu yenye kiini katikati, ile ambayo hapa tunaiita msumari. Jina si la utani. Nikikanyaga, ni kama kuna mtu ndani ya kiatu mwenye nyundo. Kati ya kidole hicho na jirani yake kuna sugu nyingine, nyeupe na laini kwa jasho, nayo huuma kwa namna yake, kama pilipili iliyoingia jichoni. Chini ya unyayo, pale vidole vinapoanzia, ngozi imekuwa soli. Ukiigonga inalia.

Nimezaliwa kisiwani Karkana, ng'ambo tu ya bandari. Mpaka naolewa nilikuwa natembea pekupeku majini na baba yangu tukitafuta pweza kwenye mitungi. Miguu yangu ilikuwa mipana na sikuwahi kujua kwamba ninayo. Mguu mzima haujulishi kwamba upo.

Leo mama mkwe, Mama Dalenda, alinitazama nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Yeye hukaa nyuma ya meza ya duka kwenye kiti chenye mto, shela begani, soksi nene miguuni hata kwa joto hili. Akawaambia wateja, "Hii siyo miguu, wanangu, ni makasia. Tulimwambia Lamjed aoe binti wa mjini mwenye mguu wa kiatu. Akatuletea wa kukanyagia pweza."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ndiyo kazi yangu.

Juni 19
Joto. Wateja wengi. Sina la kuandika ila miguu.

Juni 22
Alikuja bibi harusi mmoja na shangazi yake. Binti mzuri, uso wa mviringo, jina lake Ibtihel. Akaomba nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Nikatembea. Akauliza kwa sauti ya chini, shangazi asisikie, "Dada, kweli havikuumi?"

"Hata kidogo. Mwanzo unavihisi, halafu unavisahau."

Mama Dalenda akatikisa kichwa kuonyesha nimejibu vizuri. Binti akanunua. Nikaenda stoo, nikavua, nikaweka miguu juu ya sakafu ya mawe baridi, nikang'ata ncha ya mtandio wangu. Nilipotoka mama mkwe akasema bila kugeuka, "Ukimaliza kupumzika kama sultani, kuna watu wanasubiri."

Juni 26
Nimeshindwa. Nimechukua wembe wa Lamjed wa kunyolea, nikakaa chooni, nikaukata ule msumari. Ulitoka kipande kigumu kama punje ya mahindi, kisha ikaja damu. Kwa muda mfupi nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu msimu uanze. Kisha nikavaa viatu.

Juni 28
Kidole kimevimba, kinatoa usaha. Nimekwenda zahanati. Lamjed amekasirika kwa sababu leo ni Jumamosi, siku ya wateja wengi.

Nesi wa miguu anaitwa Raudha, mwanamke mnene mwenye miwani kichwani, anayesema na watu wazima kama wametoka kuvunja dirisha.

"Nani kakukata?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa wembe."

"Nimekuuliza sababu, siyo kifaa. Haya, na wembe uliusafisha na nini?"

"Maji."

"Hongera. Wengine hata maji hawatumii."

Akanisafisha, akanipa dawa ya kumeza. Kisha akanisimamisha juu ya karatasi nyeupe, akauzungushia mguu wangu kalamu. Akachukua kiatu changu akakiweka juu ya mchoro. Mguu ulimwagika pande zote mbili za kiatu kama unga uliofurika chungu.

"Mama, mguu huu na kiatu hiki hawajawahi kutambulishwa. Nani anakuuzia takataka hii?"

Nikautazama ule mchoro. "Mume wangu ndiye anayevishona."

Akaacha mzaha. Akashusha miwani, akanieleza polepole. Sugu si ugonjwa, ni ngozi inayojikinga. Inabanwa, inasuguliwa, basi inajijengea ukuta. Ukiukata ukuta na ukaacha kinachousukuma, utajengwa tena, mnene zaidi. Kidonda kikipona, niloweke miguu katika maji ya uvuguvugu, si ya moto, mpaka ngozi ilainike. Nisugue kwa jiwe, kwa upole, upande mmoja, kidogo leo na kidogo kesho, nisitake kumaliza siku moja. Nikaushe hata katikati ya vidole. Nipake mafuta kwenye nyayo, nisipake katikati ya vidole. Pale penye sugu laini niweke kipande cha sufi vidole visigusane. Kwa ule msumari akanipa plasta ndogo za duara zenye dawa inayolainisha ngozi, nibandike juu ya sugu tu, isiguse ngozi isiyo na sugu. Na viatu nikanunue jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya siku, vidole viwe na nafasi ya kucheza.

"Na sikiliza hili. Nyumbani una mtu mwenye sukari?"

"Mama mkwe."

"Hizi plasta asiziguse. Dawa hii haijui sugu na nyama. Itamla naye hana habari, maana miguu ya watu wa sukari haisikii. Yeye akiwa na sugu, aje hapa, asijitibu."

Jioni nilisema mbele ya wote, mezani, kwamba mwenye sukari asiziguse. Lamjed alikuwa anatazama mpira. Mama Dalenda aliacha kijiko hewani.

"Nani amekuambia mimi nina sugu?"

"Sijasema unayo, Mama. Nimesema nesi kasema."

"Mwambie nesi wako mimi nimesimama katika duka lile kabla yeye hajazaliwa. Miguu yangu ni miguu ya mjini."

Juni 30
Nimemwonyesha Lamjed ile karatasi ya mguu. Aliigeuza nyuma kuona kama kuna kitu cha maana zaidi upande wa pili.

"Nani huyu anayenifundisha kazi?"

Akanipeleka karakana. Kalibu zimepangwa ukutani, miguu ya mti, yote myembamba, yote ya umbo moja, ndogo kwa kubwa. Alizichonga marehemu baba yake. Kila kiatu kilichotoka katika nyumba hii kimeshonwa juu yake. Lamjed hushika kalibu kwa mikono miwili. Sijui ni lini aliushika mguu wangu hivyo.

"Kalibu hizi zimemvalisha mama yangu maisha yake yote," akasema. "Hajalalamika hata siku moja. Muulize."

Mama Dalenda alikuwa amesimama mlangoni. Lamjed hakumuuliza. Alikuwa akivuta soksi yake juu.

Julai 3
Kidonda kimefunga. Naloweka, nakausha, napaka. Dukani nasimama na sufi kati ya vidole. Afadhali.

Julai 6
Ule msumari umelainika, umetoka na plasta, kiini chake na yote, bila damu. Nimeutazama kwenye kiganja. Kitu kidogo hivi! Nilitamani kumwonyesha mtu, nikakosa wa kumwonyesha.

Najua utarudi. Viatu ni vilevile.

Julai 10
Nilidhani plasta zimebaki nyingi kuliko hizi. Labda nimesahau.

Julai 13
Upepo wa jangwani. Mlango ukifunguliwa ni kama tanuri la mkate. Mama Dalenda hakuja dukani, anasema joto. Lamjed akaniambia niwe nampelekea tikiti na maziwa mgando, nami nikampelekea. Alikuwa amelala amejifunika miguu kwa blanketi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Unaumwa wewe. Mimi napumzika."

Julai 15
Upepo bado. Chumbani kwake kuna harufu. Nimetafuta panya chini ya kabati.

Julai 17
Sijui nianzie wapi. Nitaanza asubuhi.

Nilimpelekea chai hakuamka. Nikamgusa paji la uso, moto. Blanketi lilikuwa limeteleza, na soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa na doa, kahawia katikati na njano pembeni, mpaka kwenye shuka. Nikajua ile harufu siyo panya.

Nikashika soksi. Akafumbua macho.

"Toa mikono yako."

"Mama, acha nione."

"Nimesema toa mikono yako, mwana wa kisiwani! Huna haya?"

Nikaivua. Alijaribu kunipiga teke, lakini mguu haukuwa na nguvu, ulinigusa kifuani kama mguu wa mtoto. Soksi ilikuwa imeshikana na nyama, ikabidi niilowanishe. Yeye alikuwa ananitazama usoni, hatazami mguu. Hakusema "aa". Nilikuwa nachana kitambaa kwenye kidonda na yeye hasikii kitu.

Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Kile kilichokifuata kilikuwa kimeanza. Na katikati ya ule weusi niliiona plasta yangu, ile ya duara, imelowa, imezama ndani.

Lakini siyo hicho kilichonifanya nikae chini. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nilipoolewa na sikuwa nimewahi kuiona miguu yake. Vidole vilikuwa vimepandana kama watu waliolala wengi kitanda kimoja. Kidole gumba kilikuwa kimelala ubavu, kimewakalia wenzake. Juu ya kila kifundo palikuwa na sugu, na juu ya sugu sugu nyingine, ya manjano, ya zamani, imepasuka. Unyayo wote ulikuwa gamba. Umbo la mguu lilikuwa jembamba, limechongoka mbele. Nililijua umbo hilo. Limetundikwa ukutani karakana.

"Umetazama?" akaniambia. "Haya, funika."

Nilimwita Lamjed, tukambeba mpaka kwenye gari la jirani. Hospitali walimchukua haraka. Daktari alitoka akauliza nani kamwekea mgonjwa wa sukari plasta ya sugu. Aliuliza tu, hakumtazama mtu. Lakini Lamjed alinitazama mimi.

"Plasta gani?"

"Zangu. Zile za nesi. Lamjed, nilisema mezani kwamba..."

"Umezileta nyumbani mwangu."

"Nilisema asiziguse. Nilisema mbele yako."

"Umemwekea mama yangu sumu mguuni!"

Alisema hivyo ukumbini, watu wamejaa, wagonjwa, wauguzi, mwanamke na mtoto wake mwenye mkono uliofungwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama Dalenda alikuwa kitandani, macho wazi, ananitazama kupitia mlangoni. Nilisubiri aseme. Neno moja tu lilitosha: nilichukua mwenyewe. Alinitazama, kisha akageuzia uso ukutani.

Nilikuwa simpendi. Leo nimemchukia. Ni vitu viwili tofauti, sikuwa najua.

Julai 18
Wamemkata vidole viwili.

Julai 21
Jamaa wanakuja hospitali na maji ya machungwa. Wanamsalimia yeye, wanampa pole Lamjed. Mimi wananipita. Nimesikia shangazi yake mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye mwenye plasta," kama vile ndilo jina langu.

Kwa usiku wake wote na mchana wake wote mwenye plasta ndiye anayembadilisha shuka.

Julai 24
Leo tulibaki wawili. Nilikuwa namfuta mgongo. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukusema?"

Akajibu akiwa ameelekea dirishani.

"Ningesema nilichukua mwenyewe, angeniuliza nilichukua za nini. Ningesema nina sugu. Angeuliza tangu lini. Ningemwambia nini? Kwamba ni viatu vya baba yake, na vyake?"

"Kwa hiyo ukaona lawama iniangukie mimi."

"Wewe si mwanangu."

Alilisema bila ubaya, kama anavyotaja bei. Nilitaka kutupa kitambaa nitoke. Sijui kwa nini sikutoka. Labda kwa sababu alikuwa uchi mgongo na dirisha lilikuwa wazi.

Baadaye akasema mwenyewe. "Niliolewa msimu kama huu. Baba yake alinivalisha jozi ya dukani kabla hata sijamaliza kula peremende za harusi. Nikasimama. Nilisimama na mimba ya Lamjed, miguu imevimba kama mikate, akanivalisha hivyohivyo, akasema mguu hujifunza."

"Na yeye ananiambia hivyo."

"Najua. Nilikuwa nasikia." Akavuta pumzi. "Baba yake alipokufa nikakaa. Kile kiti, Najiya. Wewe unakiona kiti. Mimi nilikisubiri maisha yangu yote. Ukaja wewe ukasimama mahali pangu."

"Ukafurahi."

"Nilifurahi kwamba siyo mimi."

"Na matusi? Makasia, pweza?"

"Ningekuhurumia, ingenibidi niseme kitu. Kukutukana kulikuwa rahisi zaidi."

Nikamaliza kumfuta. Nikamfunga gauni.

Julai 25
Bado namchukia. Lakini chuki imepungua nguvu, na hilo nalo linaniudhi.

Agosti 2
Amerudi nyumbani. Nesi Raudha alikuja kunionyesha. Kila siku nitazame miguu yote miwili, juu, chini, katikati ya vidole, pekundu, palipopasuka, penye joto. Maji nipime kwa kiwiko changu, yeye hawezi kujua yakimuunguza. Sugu zake nisiziguse, atazipunguza yeye mwenyewe zahanati, kidogokidogo. Asitembee pekupeku hata kwenda chooni. Kabla ya kuvaa chochote niingize mkono ndani kuona kama kuna kijiwe au uzi.

"Na wewe?" akaniuliza. "Vidole vinaendeleaje?"

Tangu ule ukumbi wa hospitali hakuna aliyeniuliza habari ya mwili wangu. Nikamjibu vizuri tu, kisha nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo.

Agosti 3
Kuosha, kukausha, kufunga.

Agosti 5
Kuosha, kukausha, kufunga. Lamjed haingii chumbani mguu ukiwa wazi. Hukohoa mlangoni, anauliza, "Umefunika?"

Agosti 9
Duka halina mtu wa kusimama. Viatu viko rafuni vimekaa kama meno. Lamjed amekuja jikoni, ameegemea mlango, ameanza mbali, joto, bei ya ngozi, binamu yake aliyefunga duka. Mwisho akafika.

"Wiki hizi za mwisho tu, Najiya. Harusi zinaisha baada ya hapo."

Mtu aliyenitangaza ukumbini kuwa nimemtilia mama yake sumu anataka nikamvalie viatu. Nikamwambia nitakuja.

Agosti 10
Nimekwenda dukani na ndala zangu pana za ngozi nilizonunua sokoni jioni, kama nesi alivyosema. Lamjed alizitazama, akatazama wateja, akaniacha nipite.

Akaja bibi harusi na dada zake. Akavaa ile nyeupe, akasimama, nikaona uso wake ukifanya kile ambacho uso wangu hufanya. Akaniuliza, "Vitajinyoosha, siyo?"

"Havitajinyoosha," nikasema. "Utacheza ngoma mbili, ya tatu utakaa. Ukiving'ang'ania utaota sugu, na sugu utaikata, na itarudi. Nyumbani kwetu kuna mwanamke aliyevivaa maisha yake yote. Ana vidole vinane."

Wakatoka wote kama kuku waliofukuzwa na maji.

Lamjed alifunga mlango, akageuza kibao. "Umenivunjia jina la baba yangu mbele ya watu."

"Nimemtaja baba yako mimi?"

"Viatu vyangu havijamkata mama yangu. Plasta zako ndizo!"

"Nenda chumbani kwake ukavue ile soksi ya mguu wa kulia. Ule hauna plasta. Utazame tu, Lamjed. Utazame kwa muda wa kula lozi moja. Kisha urudi uniambie ni plasta gani iliyofanya vile."

Hakwenda. Alikwenda karakana, akalala huko.

Agosti 11 hadi 18
Hatuzungumzi. Chumvi tunaombana kupitia kwa mama yake.

Agosti 20
Leo ilikuwa siku ya Mama Dalenda kwenda zahanati kupunguzwa sugu. Nilisema naumwa kichwa. Sikuwa naumwa kichwa. Lamjed ikabidi ampeleke mwenyewe.

Walirudi adhuhuri. Alimsaidia kushuka, akamkalisha, akakaa mbele yake na kofia mkononi. Nilikuwa napanga vikombe, sikuondoka.

"Nesi kaniita nishike mguu wakati anapunguza," akasema. "Kasema vidole havipindi hivi kwa uzee, hupindwa. Kaniuliza mimi nafanya kazi gani." Akaigeuza kofia. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unazipenda sana zile kalibu."

"Ungesema tu."

"Nilimwambia baba yako. Alinunua jiwe la kusugulia, akaniwekea kwenye beseni." Akanitazama mimi, akarudi kwake. "Na zile plasta nilizichukua mwenyewe kwenye droo ya mkeo. Alinikataza mezani nawe ukiwepo. Nilichukua kwa sababu niliona zimemsaidia yeye, nikaona wivu."

Lamjed hakugeuka kunitazama. Alisimama, akasema anakwenda kuswali. Nilisubiri jioni yote aseme neno. Alikula, akasifu samaki, akalala.

Agosti 24
Bado hajasema. Nadhani kwake kusifu samaki ndiko kulikuwa kusema.

Agosti 29
Mvua ya kwanza, matone makubwa, imenyesha kidogo ikaacha. Msimu umekwisha. Mama Dalenda kaomba nimkalishe barazani anuse udongo. Tumekaa wote wawili. Kaniambia nimwonyeshe miguu yangu, nikaiinua. Katazama kwa makini.

"Kumbe ni mizuri," akasema. "Mipana. Inakaa chini vizuri."

Nikaishusha. Nilijua anaomba msamaha, ila sikuwa tayari kuupokea kwa bei hiyo.

Septemba 4
Karakana kuna sauti ya patasi. Lamjed anachonga kalibu mpya. Jana alikuja chumbani na karatasi na kalamu, akakohoa mlangoni. Nikamwambia mguu uko wazi. Akaingia hivyohivyo. Akapiga magoti, akauzungushia mguu wa mama yake kalamu, pale penye vidole na pale palipo patupu. Akairudia mistari mara mbili.

Mimi hajanipima.

Septemba 16
Viatu vya Mama Dalenda vimekamilika. Ninaandika kama nilivyoviona: vyeusi, mbele pana na mviringo, juu ngozi laini ya kondoo, ndani hakuna mshono hata mmoja wa kusugua, soli nene inayopinda, mahali pa vidole vilivyokatwa kajaza sufi iliyoshonewa. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nasema hivyo na sitaki kusema.

Alivileta baada ya chai, amevaa shati safi. Nikaingiza mkono ndani kukagua kama kawaida. Akamvalisha mwenyewe, cha kulia, kisha cha kushoto taratibu. Akamshika mikono, akamsimamisha. Mama Dalenda akapiga hatua mpaka dirishani, akarudi.

"Vinabana, Mama?"

Alimtazama mwanawe. Akatazama viatu. Kisha akanigeukia mimi.

"Najiya. Vinabana?"

Nikainama. Nikabonyeza mbele, vidole vina nafasi. Nikapitisha kidole changu nyuma ya kisigino, kikapita. Nikagusa ubavuni, hakuna panapovutika.

"Havibani, Mama."

"Havibani," akamwambia Lamjed.

Lamjed akatabasamu, mara ya kwanza tangu Julai. Akasema alijua vitamkaa, kwamba akivitia dirishani watu watakuja mpaka kutoka mji wa Gabes, kuna wazee wangapi wenye miguu mibovu, na kwamba pengine mimi ningeweza kuvisimamia msimu ujao, hivi vingenifaa. Nikamwambia sitasimamia kitu. Alicheka kama mtu aliyesikia mzaha, akatoka kwenda kufungua duka.

Mama Dalenda akakaa. Alivitazama viatu kwa muda mrefu, akigonganisha ncha zake polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

"Vizuri, Mama," nikamwambia. "Kweli ni vizuri."

"Naona," akasema. "Angeniletea nikiwa bado nina miguu."